Kilo Tano za Mke Wangu

Jiwe la kilo mbili lilitoweka kwenye kasha langu mwezi wa tatu, na mwizi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja.

Lakini nisikimbilie nyama kabla ya kunawa mikono. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa mizani, miaka thelathini na saba, duka kwa duka, ghala kwa ghala. Nikitokea mlangoni na kasha langu, wauza nyama walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wamefiwa na shemeji. Waliniita Bwana Gramu. Waliniita na majina mengine pia, ila hayo siyaandiki, huenda wajukuu wakasoma.

Kasha lenyewe ni la mbao. Ndani lina vishimo vilivyochongwa kwa kipimo, na kila kishimo kina jiwe lake la shaba: la kilo tano, mawili ya kilo mbili, moja la kilo moja, la nusu, la robo, mpaka vile vidude vya gramu unavyovishika kwa kibanio kama unatinda nyusi za bibi harusi. Mawe ya ukaguzi hayashikwi kwa mkono mtupu. Jasho lina uzito, mafuta ya vidole yana uzito, na jiwe lililozoea kushikwashikwa mwisho wake husema uongo bila hata kuona haya. Nilivaa glavu nyeupe kama mpiga tarumbeta wa serikali. Siku ya kuniaga ofisini, wenzangu wengine walikuwa wamepewa saa za ukutani. Mimi niliomba kasha langu, na mizani moja kuukuu ya magunia iliyokuwa inaota kutu stoo. Mke wangu alipoiona inashushwa getini aliuliza kama tunafungua ghala. Ikawekwa koridoni, na imekaa hapo hadi leo.

Katika kazi ile nimeona mengi, na mengine sikuyaona lakini nimeyasimulia mara nyingi mpaka nayakumbuka. Kuna mizani ya muuza sukari mmoja ilikuwa imezoea wizi kiasi kwamba hata ukiiacha tupu ilijiandikia robo kilo, na nilipoikamata ilitoka jasho. Niliwahi kupima mbuzi akiwa macho, kisha nikampima akiwa usingizini, nikakuta ndoto za mbuzi zina gramu kumi na nne. Mke wangu amezisikia zote. Huwa ananimalizia yeye sentensi ya mwisho, ili nisiongeze gramu.

Sasa ugonjwa. Ni kansa ya tumbo. Ilianza kama kiungulia, nikailaumu pilipili, na pilipili wala haikuwa na kosa. Walinipasua, wakaangalia, wakanishona. Zikaja dripu, nywele zikaenda zao, zikarudi chache kama watoro wa shule. Mwezi wa pili daktari, kijana mwenye adabu aliyekuwa anazungumza na kalamu yake kuliko na mimi, akasema dripu sasa zinanila kuliko ugonjwa. Niende nyumbani, nimeze dawa za maumivu, nile ninachotaka, nikae na watu wangu. Tulipokuwa tunatoka, nesi mmoja akamwona mke wangu anavyoshikilia mlango, akamhurumia, akamwambia: “Mama, angalia tu uzito. Uzito ukishika, na yeye kashika.”

Yule nesi alitaka kumpa neno la njiani. Mke wangu akalibeba kama dawa ya kumeza.

Kuanzia hapo kila Alhamisi, saa kumi jioni, nikawa napandishwa kwenye mizani yangu mwenyewe kama gunia la maharage. Mimi nasimama juu ya bamba, yeye anasukuma kile kijiwe kinachoteleza kwenye mkono wa mizani, jino kwa jino, kila jino kilo moja, mpaka mkono uelee sawa. Anasoma kwa sauti, kisha anaandika kwenye kalenda ya jikoni na kuzungushia duara. Nilipokuwa mzima nilikuwa na kilo sabini na mbili. Alhamisi ya kwanza nilikuwa na hamsini na sita.

Ya pili, hamsini na sita. Ya tatu, hamsini na sita. Na wiki hizo hizo nilikuwa nimetoboa mshipi wangu matundu mawili mapya kwa msumari.

Mizani ya magunia ina adabu yake. Ukiiacha tupu, kijiwe kikiwa sifuri, mkono unaelea katikati, haupandi wala haushuki, kama mtu anayesikiliza. Asubuhi moja nilikuwa napita koridoni kwenda msalani, nikaona mkono umeinuka juu kama pua ya mwenye dharau. Mizani tupu ilikuwa inadai ina mzigo. Mtu mwingine angepita. Mimi naweza kupita nyumba inayoungua, lakini si mizani isiyokaa sawa.

Nikasubiri mke wangu aende dukani. Kupiga magoti kulinichukua muda. Chini ya bamba, pale mfagio usipofika, kulikuwa na kitu kimefungwa kwa uzi kwenye chuma. Nikakipapasa. Kimeviringishwa kitambaa cheupe, safi, kilichopigwa pasi. Ndani yake, jiwe langu la kilo mbili.

Hakulishika kwa mkono mtupu. Hilo ndilo lililonimaliza. Mwanamke anamwibia mumewe jiwe ili amdanganye, na bado analikinga na jasho.

Nikalirudisha kama lilivyokuwa. Kunyanyuka ikashindikana, kwa hiyo nikakaa pale pale sakafuni, mgongo ukutani, na mke wangu aliporudi na mfuko wake nikamwambia nilikuwa namfukuza mende. Akauliza yuko wapi. Nikasema ameondoka, alikuwa ameshiba. Akaweka mfuko chini, akanishika kwapani, akaninyanyua. Nikasikia anahema.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nilitaka. Alhamisi iliyofuata nilipanda bamba nikiwa nimejiandaa na utani wangu tayari mdomoni. Akasukuma kijiwe, akainama kusoma, akasema, “Hamsini na sita,” kwa sauti ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kisha akaenda jikoni, nikamsikia anaimba. Siku nyingine sita za wiki alikuwa haimbi. Alhamisi jioni ndio muda pekee alioweza kukaa kwenye kochi na kufumba macho bila kunisikilizia pumzi. Nikaumeza utani wangu. Ni kitu pekee nilichomeza kwa urahisi mwaka huo.

Mwezi wa tano likaondoka jiwe la pili la kilo mbili. Mwezi wa saba likaondoka la kilo moja. Kila nilipopungua mimi, na kasha nalo lilipungua. Tulikuwa tunakonda pamoja, mimi na kasha, na kalenda ya jikoni ilikuwa imenona kwa maduara ya hamsini na sita.

Ndipo mwezi wa nane wakaja wageni.

Alikuja dada yangu, aliyenizidi miaka minne na kilo zisizosemwa. Aliletwa na mwanangu, mpima ardhi, pamoja na mkewe ambaye ni kinyozi. Walisema wamepata likizo. Watu wazima watatu kupata likizo wiki moja, na hakuna harusi wala msiba, maana yake wamekaa mahali wakapiga hesabu. Hatukuiuliza hesabu hiyo. Dada alishuka garini, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akasema, “Mimi nimekuja kula na wewe. Hayo mengine waulize hawa.”

Mjue kwamba mimi na dada tumekuzwa kwa sahani moja. Mama alikuwa akipakua, anatuweka mkekani, na dada anachora mpaka katikati ya chakula kwa kidole: huku kwako, huku kwangu. Nikifumba macho kutafuna, nikifumbua mpaka umehama. Alikuwa mpima ardhi wa kwanza katika ukoo wetu, na kama wapima ardhi wengine, alijipimia mwenyewe. Ndiyo maana yeye alitoka vile na mimi nikatoka hivi. Hilo nimelisimulia kwenye kila harusi ya familia, na kila mara mpaka unahama zaidi.

Mchana ule akakataa sahani yake. Akavuta kiti kando yangu, akachukua kijiko, akachora mstari katikati ya wali wangu. “Usivuke,” akaniambia.

Nilikuwa na miezi ambayo chakula kwangu kilikuwa kazi ya kulazimishwa. Kijiko cha tatu koo linafunga, cha nne tumbo linaandika barua ya malalamiko. Siku ile nilikuwa nimeshughulika kulinda mpaka, nikasahau kwamba naumwa. Nilikula vijiko tisa. Najua ni tisa kwa sababu mke wangu alikuwa mlangoni mwa jikoni na midomo yake ilikuwa inahesabu. Siku ya pili nilikula kumi na kimoja. Asubuhi hiyo mkwe wangu alikuwa amenitoa barazani, akanifunga shuka shingoni, akaninyoa zile nywele zangu chache kwa heshima kubwa, akiuliza kama nataka kupunguza pembeni. Mwanangu alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Jioni nikawapa ile ya mbuzi na ndoto, mke wangu akamalizia gramu, na dada akasema kwamba ndoto zake yeye zingehitaji lori. Niliwaangalia wote wanne pale sebuleni, wamekaa ovyo, miguu juu ya miguu, nikawaza: kama ni hivi, sikudhulumiwa.

Siku ya tatu, Jumatatu, dada akapita koridoni na taulo lake.

“Wifi, hii mizani inafanya kazi?” akauliza.

Mke wangu akajibu kutoka jikoni, haraka kuliko kawaida yake, kwamba hiyo ni ya mzee tu, asipande, ina vumbi. Lakini kumwambia dada asifanye kitu ni kumwonyesha njia. Alikuwa ameshapanda. Nilikuwa kochini, namwona kupitia mlango. Kijiwe kikawa kinateleza, kinateleza, meno yanalia. Kisha yakaacha. Akainama kusoma.

“Mia na moja,” dada akasema, si kwa yeyote.

Tatizo ni magoti. Daktari wake alikuwa amemwambia, wala si kwa utani, kwamba siku atakayogusa mia magoti yale yatamwacha kitini moja kwa moja. Mwezi uliopita alikuwa na tisini na tano, na alikuwa akijisifu kila kona. Akashuka kwenye bamba taratibu, kama mtu anayeshuka kaburini kuona kama linamtosha.

Mchana akaomba chai ya rangi, isiyo na sukari. Nikamsogezea sahani, nikamchorea mpaka mwenyewe. Akasema ameshiba. Miaka sitini na kitu sijawahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa dada yangu, na sikujua linaweza kuumiza namna ile. Nikala vijiko viwili. Mbele ya macho yangu kulikuwa na kile kikombe chake cha chai. Jumanne nikala kimoja, kikarudi.

Mnaona nilivyobanwa. Nikimwambia dada kwamba mizani inadanganya, mwanangu ataangalia kwa nini. Akiangalia, atatoa mawe chini ya bamba, mbele ya shangazi yake na mkewe, na mke wangu atasimama pale kama mwizi wa kuku, na uzi wake na vitambaa vyake vya pasi. Na Alhamisi zake zitakuwa zimekwisha. Nikinyamaza, wiki itaisha kwa chai ya rangi. Na sikuwa na wiki nyingine stoo.

Nikajaribu silaha yangu ya zamani. Nikamwambia dada kwamba nyumba hii imejengwa juu ya sumaku, dunia hapa inavuta kuliko kwingine, hata maji ya bomba yanafika juu yamechoka. Ndiyo maana wageni wote wanaongezeka kilo wakivuka kizingiti.

Akaniangalia juu ya kikombe. “Mdogo wangu, wewe ulinidanganya kwamba mwezi unapimwa kila mwisho wa mwezi ndiyo maana unapungua. Niliamini mpaka nimeolewa. Niache nife na magoti yangu.”

Neno hilo likadondoka katikati ya meza. Siku nne tulikuwa tunalikwepa kama shimo la barabarani, na yeye ndiye aliyeingia. Mke wangu akanyanyuka kwenda kuleta sukari ambayo hakuna aliyeiomba. Dada akashika mdomo. Mwanangu, ambaye tangu utotoni akizidiwa na jambo hutafuta cha kupima, akasema, “Shangazi, tusibishane. Tuipime mizani yenyewe.”

Akachukua ule mfuko wa sukari mkononi mwa mama yake. Kilo mbili, haujafunguliwa. Akaenda nao koridoni, akauweka juu ya bamba, akasukuma kijiwe. Tukamfuata wote, mimi nimeshikwa na mkwe.

“Saba,” akasema. “Mbili imekuwa saba.” Akaukuna utosi wake. “Kuna kitu kimekwama chini huku.” Akaanza kuchutama.

Nilimwangalia mke wangu. Alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, amejiviringisha kitambaa cha vyombo mkononi mpaka vidole havionekani. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia mkono wa mwanawe unavyoingia chini ya bamba.

“Usichafue suruali,” nikasema. “Ni mimi.”

Wakageuka.

“Kilo tano. Nimezifunga mwenyewe, wiki ile niliposikia dada anakuja. Mwaka wa sitini na moja huu nausubiri mpaka wa ile sahani unilipe.” Nikamgeukia dada. “Una tisini na sita. Umeongeza moja tu, na hiyo umeila hapa kwangu.”

Dada akainama. Akavua kandambili moja, akainyanyua, nami nikafumba macho kama zamani. Haikushuka. Nilipofumbua alikuwa ameishikilia hewani, anacheka na machozi yanamtoka, anasema huyu mtoto ana roho mbaya, huyu mtoto mama alimwokota, nimekunywa chai chungu siku mbili, wifi, pakua, pakua upesi kabla sijamla yeye.

Mwanangu alikuwa bado chini. Akatoa kifurushi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akaviweka mapajani. Nikaona anaangalia fundo la uzi. Mke wangu ana fundo lake, mizunguko mitatu na mkia umechomekwa ndani, fundo lile lile alilofungia vifurushi vya huyu huyu alipokuwa bwenini. Kijana akaliangalia, akaniangalia mimi ninayeshikwa mkono nisianguke, akamwangalia mama yake.

“Baba,” akasema, “hujambo kwa kufunga.”

“Nilifundishwa na mtu.”

Mwanangu akainuka. Akayabeba mawe mpaka kwenye kasha, akayarudisha kila moja kishimoni mwake, na vitambaa vyake akavikunja. Hakuligusa hata moja kwa mkono mtupu. Kuna siku unajua kwamba hukuzaa bure.

Mke wangu akapakua. Hakuniangalia wakati ananiwekea sahani, na kijiko chake kiligonga ukingo mara mbili. Yeye peke yake katika nyumba ile alijua bila shaka yoyote kwamba mimi siwezi kupiga magoti nikanyanyuka mwenyewe. Dada akachora mpaka. Nilikula vijiko kumi na vitatu, na hii si ya mbuzi. Jumatano tukafanya hivyo mchana na jioni. Mkwe alileta redio sebuleni, dada akacheza na magoti yake, mwanangu akampima hatua kwa futi yake ya kazi, na mimi nikawa mwamuzi nisiyehongeka isipokuwa kwa asali.

Waliondoka Alhamisi asubuhi. Mwanangu alinikumbatia kwa uangalifu, kama anashusha kioo. Dada hakutaka mambo ya uangalifu. Alisema nilipokuwa mdogo alikuwa akinibeba kisimani na kunirudisha, na mpaka leo ananiweza. Akanipitishia mikono mgongoni, akavuta pumzi ya mtu anayenyanyua gunia, akaninyanyua.

Alikuwa amejiandaa kwa mzigo. Nikaenda juu kama nguo ya kuanikwa. Nikasikia ile pumzi yake imebaki haina kazi. Alinishikilia hapo, miguu yangu haigusi chini, muda mrefu kuliko mchezo unavyotaka, kisha akaniweka taratibu, akaninyoosha kola, akaingia garini. Hakugeuka nyuma. Dada yangu hana tabia ya kuondoka bila kusema neno la mwisho, na siku ile aliondoka bila kulisema.

Nyumba ikabaki na vyombo vya watu watano. Mke wangu aliviosha vyote kwa mkono, kimoja kimoja, mpaka vilivyokuwa safi. Mimi nilikuwa kochini. Ikafika saa tisa. Ikafika saa kumi. Akaja mlangoni anafuta mikono.

“Leo tuache,” akasema.

“Ni Alhamisi.”

Akakaa kwenye mkono wa kochi, upande ambao simwoni uso. “Tangu lini?”

“Tangu jiwe la kwanza.”

“Miezi mitano.” Akafuta mikono iliyokwisha kukauka. “Miezi mitano unasimama pale juu, unaniacha nasoma uongo.”

“Ulikuwa unausoma vizuri. Mimi mwenyewe kuna wiki niliuamini.”

Hakucheka. Akasema kwamba alidhani mtu akistaafu hafungui kasha. Akasema yule nesi alisema uzito ukishika, na hakumalizia, akawa anakunja kile kitambaa cha vyombo, anakikunja, anakikunja, mpaka hakikunjiki tena. Nikampa mkono. Tukaenda koridoni.

Nikapanda. Mkono wa mizani ulikuwa unaelea katikati, mtulivu, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Kwa mazoea akapeleka kijiwe moja kwa moja kwenye hamsini na sita. Mkono ukaanguka chini, chuma kikagonga chuma. Akaanza kukirudisha. Mimi sikuinama kuangalia. Masikio yangu yamesikia meno ya mizani miaka thelathini na saba, nilihesabu kama mwingine anavyohesabu ngazi gizani. Moja. Mbili. Tatu. Hapo akapumzika kidogo. Nne. Tano. Nikamwomba Mungu ikomee hapo, tano nilikuwa nimeshaizoea. Sita.

“Hamsini,” akasema.

Hakusema kwa ile sauti ya bahati nasibu. Ilikuwa sauti yake ya kawaida, ile anayoniulizia kama nimefunga mlango. Ilikuwa imepotea humu ndani muda mrefu, na niliposikia imerudi nikajua nilikuwa naikosa kuliko kilo zote. Akaenda kuandika kwenye kalenda. Akarudi. Hakuzungushia duara, niliona baadaye.

“Sasa panda wewe,” nikamwambia.

“Mimi siumwi.”

“Panda tu. Ukaguzi haubagui.”

Akavua kandambili, akapanda, akashika mikono tumboni kama mtoto anayepigwa picha. Nikakipeleka kijiwe mahali nilipomwacha. Mara ya mwisho kumpima ilikuwa kabla sijalazwa, tulikuwa tunacheza, alikuwa na sitini na mbili na alinituhumu kwa hongo. Nikakiachia. Mkono ukaanguka.

Nikarudisha jino moja. Mawili. Matano. Nilidhani nimekosea, nikaangalia bamba, nikaangalia kama kuna kitu kimekwama. Hakuna. Nane. Kumi. Yeye anaangalia ukuta. Kumi na nne. Kumi na sita.

Arobaini na sita.

Nilikuwa mkaguzi. Nimemkamata mtu aliyetoboa jiwe kwa sindano akachota gramu tatu. Na kilo kumi na sita zilitoka nyumbani kwangu mchana kweupe, zikinipita kochini moja moja, na mimi niko pale nahesabu mawe ya kasha. Kwake hakuna aliyefunga jiwe chini. Hakuna aliyempandisha kabisa.

“Ulikuwa unakula nini?” nikamuuliza.

Akafikiria, kwa kweli akafikiria, kama ni swali lenye jibu. “Nilikuwa naonja,” akasema. “Nikipika.”

Sikuwa na hadithi. Nilitafuta hata ile ya mbuzi, sikuiona. Nikashika nguzo ya mizani, nikainua mguu mmoja, kisha mwingine, nikapanda pale aliposimama. Bamba lile lilitengenezewa magunia mawili. Akaniambia tutaanguka, nikamwambia hapa hatuna mahali pa kuangukia. Akanishika kiunoni ili nisiyumbe, nikamshika bega, na kwa mkono uliobaki nikasukuma kijiwe. Kikapita sitini, sabini, themanini, kinateleza tu, mpaka kikatulia.

“Dada,” nikasema.

“Dada nini?”

“Tisini na sita. Mimi na wewe tukikumbatiana, ni dada yangu mmoja.”

Ndipo akacheka. Alicheka na paji la uso wake likiwa kwenye mfupa wa bega langu, na mkono wa mizani ukaanza kucheza juu chini, juu chini, maana mizani haiwezi kumpima mtu anayecheka. Kicheko kilipokwisha, mkono uliendelea kucheza. Nikakiacha kijiwe, nikamshika kwa mikono yote miwili. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba mkono ukitikisika husomi, unasubiri mpaka utulie. Nikasubiri. Sikuwa na haraka yoyote.